Sentensi ya Mwisho Haisemwi

Katika jumba la maonyesho nililofanyia kazi, hakuna aliyethubutu kutamka sentensi ya mwisho ya mchezo kabla watazamaji hawajakaa vitini. Waigizaji walifanya mazoezi wiki baada ya wiki, wakalia na kucheka na kupigana makofi ya uongo, lakini wakifika mwisho waliruka. Wa zamani walisema mchezo ukimalizwa mbele ya viti vitupu umekwisha kufa, na aliyeumaliza ndiye atakayeubeba. Vijana waliwacheka, ila nao waliruka. Mimi niliyetoka milimani juu ya Korogwe sikuona ajabu. Kwetu kuna mengi yasiyotajwa, na sikumbuki kupewa sababu ya hata moja. Uliambiwa usitaje, hukutaja.

Kazi yangu ilikuwa uvishaji. Nikiwaeleza watu wa nyumbani kwa simu walidhani ninavisha maharusi, na shangazi mmoja alidhani ninavisha maiti, akaniombea. Mvishaji humtayarisha mwigizaji. Unapiga pasi, unafunga vifungo vya mgongoni, unashika tochi gizani pembeni mwa jukwaa huku mwenzako akivua gauni moja na kuingia jingine, na unajua ni saa gani ya kuongea na saa gani ya kunyamaza. Nilifika huko kwa njia ndefu. Baada ya kidato cha nne nilijifunza cherehani Tanga, nikashona magauni ya harusi Mombasa, nikashona tena Maskati, kisha London, ambako kwanza nilifua mashuka ya hoteli kule Hounslow, ndege zikipita juu ya paa kama zinataka kutua kwenye kamba za nguo. Mimi sikai mahali. Mama yangu husema nilizaliwa na pilipili kwenye nyayo. Kila nilipohamia niliapa kwamba sasa nimefika, na kila nilipofika nilianza kuota kule nilikotoka.

Mwigizaji niliyepewa alikuwa amepita miaka themanini. Siku ya kwanza nilipoingia chumbani kwake nilimjua kabla hajageuka, kwa ile shingo. Nilikuwa nimemwona nikiwa msichana, kwenye banda la video karibu na stendi ya Korogwe, ndani ya filamu ya jangwani ambamo alikuwa daktari na akapigwa risasi mwishoni. Pale bandani palikuwa na mtafsiri aliyesimama kando ya televisheni na kipaza sauti, akituambia kwa Kiswahili kila alichosema kila mtu, wanaume kwa wanawake, kwa sauti yake moja yenye mafua.

"Nilikuona ukifa nikiwa mtoto," nilimwambia.

"Nimekufa mara nyingi, mpenzi. Ni kifo kipi hicho?"

Nilipomweleza habari ya mtafsiri alicheka mpaka ikabidi nimfungulie kifungo cha shingoni. "Kwa hiyo kwenu mimi ni mwanamume mwenye mafua," alisema. "Laiti wangeniambia mapema. Ningelipwa kama mwanamume."

Aliwaita watu wote mpenzi. Mimi nilimwita mama, kwa sababu mtu wa umri ule sikuweza kumwita jina lake mdomo ukakubali. Aliniuliza maana yake, nikamwambia, akasema hakuzaa na wala hakujuta, lakini niendelee tu.

Mchezo ule ulikuwa juu ya mjane anayekaa peke yake katika nyumba iliyo ukingoni mwa bahari. Watoto wake wanakuja kumshawishi auze ahamie kwenye makao ya wazee. Wanabishana naye kutwa nzima, mwisho wanashindwa, wanaondoka. Anabaki mezani, anajifunika shali ya sufi ya rangi ya majivu, anatazama kikombe chake, anasema sentensi moja fupi, taa zinazimwa. Mchezo wote uliegemea pale. Bila ile sentensi, watazamaji wasingejua kama yule mjane ameshinda au amevunjika.

Kwenye mazoezi, mama akifika pale, alikuwa akisema, "Na mengine mnayajua." Watu wote walicheka. Mwongozaji, kijana aliyekuwa akitembea na viatu vya kukimbilia lakini sikumwona akikimbia, alipiga makofi, na siku ikaisha.

Mimi pia nilicheka, wiki za kwanza.

Mchana, kabla ya mazoezi, mama alinikalisha chumbani kwake nishike kitabu cha mchezo, nimsomee maneno ya watoto wake naye ajibu. Nilisoma kwa Kiingereza changu cha Korogwe. "Mtoto wangu wa kiume katika mchezo huu ametoka Afrika Mashariki," aliwaambia wenzake kwenye korido, "na nampenda kuliko yule mliyenipa." Tukichoka alinisimulia maisha yake. Baba yake aliuza samaki katika mji mdogo wa pwani ya kaskazini, kwenye baridi. Aliondoka nyumbani akiwa msichana, sanduku limefungwa kwa mkanda wa suruali wa baba, kwa kuwa kufuli liliharibika. Alizunguka na vikundi vya maigizo mji hadi mji, akilala kwenye nyumba za kupanga ambako mwenye nyumba alikata mkate mwembamba hadi ukaona mwanga upande wa pili. Alikuwa malkia, alikuwa mjakazi wa malkia, alikuwa mchawi. Kisha zikaja filamu. Kisha simu ikanyamaza.

"Mwanamke katika kazi hii akifika arubaini hufa," alisema. "Anakaa kaburini miaka kumi na kitu, halafu wanamfufua akiwa bibi."

Walipomfufua walimpa nafasi ya jirani mmbea katika mfululizo wa televisheni, akaicheza miaka mingi, hata watu kwenye basi wakawa wanamwita kwa jina la yule mmbea. Yeye aligeuka na kuwapungia.

Kisa cha sanduku na mkanda nilikipenda kwa sababu na mimi niliondoka nyumbani na begi lililofungwa kwa kanga. Siku moja alinisimulia kisa kile, nikamimina chai, nikakaa. Akapuliza chai yake. Akasema, "Nimewahi kukwambia jinsi nilivyoondoka nyumbani?" Akaanza upya, kwa maneno yale yale, na kicheko mahali pale pale.

Nilishika kikombe kwa mikono miwili nikasikiliza mpaka mwisho kana kwamba sijawahi kusikia.

Kwetu mkwe hatajwi jina. Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kulitamka jina la baba yangu. Alimwita baba yenu, au yule bwana, na sisi tuliona ndiyo heshima. Baadaye heshima ile ikaanza kuongezeka. Akawa hataji jina la mjomba. Akawa hataji jina la kijiji cha pili. Nilipomwambia, bibi, niite jina langu, alinijibu, "Mimi sitaji majina ya wasichana waliokwisha vunja ungo." Tulicheka sana, tukaeneza maneno yale shuleni. Tulidhani uzee umemfanya mcheshi. Halafu siku moja alitoka asubuhi kwenda kuchuma mboga, akakutwa jioni kule chini kwenye reli, miguu imevimba. Watu wengi walikuwa wamemsimamisha njiani kumwuliza anatoka kwa nani. Nyumba yetu ilijulikana kwa jina la baba. Kusema anakotoka ilimpasa kutaja mkwe wake. Hakutaja. Mpaka leo hakuna anayejua kama alikataa au alishindwa, na mama yangu hataki hilo liulizwe.

Sasa nikawa nasikiliza "na mengine mnayajua" kwa sikio lingine. Watu walicheka, mwongozaji alipiga makofi, na mimi pembeni na tochi yangu nilitazama uso wake. Alikuwa akitutazama mmoja mmoja tulivyocheka, kama bibi alivyokuwa akitutazama.

Nilijaribu kumtega. Nilimwambia kazi yangu inanitaka nijue hasa taa zinazimwa baada ya neno gani, ili nikimbilie kumshika mkono gizani asijikwae.

"Baada ya neno la mwisho, mpenzi."

"Ndilo lipi, mama?"

Alinitazama kwenye kioo. Hakunigeukia. "Nani amekufundisha kazi hii?" alisema. "Unataka kuniua kabla sijalipwa?"

Nikaomba radhi. Pini ikanidondoka. Aliniita kwa jina ambalo si langu, akaniambia niiache pini nitaikuta kesho. Lilikuwa jina la mvishaji wake wa zamani, mwanamke aliyekwisha kufa miaka mingi. Nilikuwa nimeonyeshwa picha yake.

Wakati ule nilikuwa nimepanga chumba Barking pamoja na shoga yangu wa Muheza, ambaye hufanya kazi kwenye makao ya wazee. Nilimweleza Jumapili tukikaanga vitumbua.

"Hiyo ndiyo yenyewe," alisema. "Ninao kumi na wawili wa hivyo kwenye floo yangu. Mwambie bosi wako."

"Nikimwambia watamtoa."

"Ndiyo maana ya kumwambia, mama weye. Akianguka jukwaani ukaulizwa ulikuwa wapi, utasema ulikuwa umeshika tochi?"

"Na kama ni mila tu? Labda anaijua. Wote hawaisemi."

"Wengine ukiwaamsha usingizini watakwambia. Yeye je?" Akageuza kitumbua. "Usinitazame hivyo. Wewe mwenyewe jana uliacha funguo mlangoni, upande wa nje. Nyumba nzima imejaa wasahaulifu."

Tulicheka, kisha hatukucheka. Nilikuwa na miaka arubaini na sita. Tangu siku ile nikawa najijaribu kwenye treni kwenda kazini: jina la mwalimu wa darasa la tatu, jina la mtaa wa Mombasa, jina la mama niliyemshonea Maskati. Lililochelewa kuja lilinitoa jasho.

Sikumwambia bosi. Nilikuwa naogopa vyote viwili, kusema na kunyamaza, na kunyamaza hakukuhitaji nauli.

Na mtu wa kuchukua nafasi yake alikuwapo. Kila mchezo mkubwa huwa na mwigizaji wa akiba, anayejifunza maneno yote akisubiri mwenzake augue. Wetu alikuwa mwanamke mwema wa miaka sitini na kitu aliyekaa kwenye korido akijaza fumbo la maneno kwenye gazeti. Alinisalimia kwa jina kila siku. Sikuweza kumtazama machoni.

Mwongozaji naye hakuwa mjinga. Siku moja alikuja chumbani, akakaa juu ya meza, akasema siku hizi waigizaji wengi, hata vijana, huvaa kidude sikioni, na mtu huwasomea maneno kutoka pembeni, wala hakuna anayejua.

"Mimi ni mwigizaji," mama alimwambia. "Sijawa redio."

"Ni tahadhari tu."

"Tahadhari ni kuvaa soksi, kijana. Nenda."

Akaenda. Mlango ulipofungwa, nilimwona ameshika ukingo wa meza ya kujipambia kwa vidole vyote kumi.

Onyesho la kwanza lilikuwa la mchana, kwa wazee wastaafu na wanafunzi walioalikwa bure, ili waigizaji waonje watu kabla ya siku ya wakubwa wa magazeti. Siku hiyo hapakuwa na onyesho jingine. Nilimvisha mapema mno. Alikuwa mtulivu, mimi ndiye niliyekwenda chooni mara tatu. Shali ilikuwa imening'inia kwenye msumari kando ya kioo, na tulipoitwa niliichukua nikamfuata, nikihesabu pumzi zake mbele yangu kwenye ile korido.

Maneno yote aliyasema. Alipoteza sentensi mbili mahali fulani katikati, binti yake wa mchezo akamwokoa kwa kuuliza swali ambalo halikuwemo, wakaendelea. Nilimfunika shali kwa ajili ya sehemu ya mwisho. Aliingia. Watoto wake walimbusu mmoja mmoja wakatoka, wakasimama nyuma yangu gizani, na yule wa akiba akaja akasimama nyuma yao. Msimamizi wa jukwaa alikuwa kwenye meza yake ndogo yenye taa ya buluu, kidole kwenye mstari wa kitabu cha mchezo.

Alikaa. Alitazama kikombe.

Kwenye mazoezi kimya kile kilikuwa kifupi, kwa sababu alikuwa anakwenda kuchekesha. Sasa kilirefuka. Mtu alikohoa ukumbini. Kidole cha msimamizi hakikusogea. Nikamwona mama anainua kichwa, na akageuka polepole kuelekea upande wetu, kule ambako mjane hapaswi kutazama kwa kuwa pale ni ukuta wa nyumba yake. Alinitazama mimi. Nilikuwa na ile sentensi kinywani. Nilikuwa nimeisoma kitabuni mara nyingi kuliko sala zangu. Nilifungua midomo. Sikutoa sauti. Nilimwona bibi yangu amesimama kwenye reli, na mtu anamwuliza, kwa nani, bibi, tukupeleke kwa nani?

Akarudisha macho kwenye kikombe.

"Haya," alisema. "Sasa nitakunywa chai yangu."

Watu walicheka, kicheko cha kushtukiza, na kabla hakijaisha taa zikazimwa na nikasikia kicheko kinageuka kuwa kitu kingine. Nilikimbia gizani nikamshika mkono. Ulikuwa mkavu na wa moto. Yule kijana mwongozaji alikuwa analia pembeni bila kujificha, na yule wa akiba alipiga makofi kuliko wote.

Nilimrudisha chumbani nikiwa na furaha iliyonifanya nijione mpumbavu. Ilikuwa mila tu. Nilikuwa nimemwonea mzee wa watu kwa woga wangu wa kwetu. Nikamvua shali nikaitupia mgongoni mwa kiti, nikaanza kumtoa pini za nywele huku nikizungumza ovyo. Ukutani mle chumbani mlikuwa na spika ndogo inayoleta sauti za ukumbini, ili waigizaji wajue mchezo umefika wapi. Ilikuwa inaleta sauti ya viti vikijikunja, nyayo, watu wakiitana.

Akachukua poda akaanza kujipaka upya usoni.

"Tumebakiza muda gani?" aliuliza.

"Hadi nini, mama?"

"Hadi tuanze." Akainua kidole, akasikiliza spika. "Sikia. Wanaingia. Leo wamejaa."

Niliiweka pini mezani. Dirisha dogo la chumba kile lilitazama uchochoro, na mwanga wa saa kumi jioni ulikuwa juu ya matofali. Nilitafuta uongo wa kumwambia, sikuupata.

"Wanatoka, mama. Umemaliza. Umeisema ile sentensi."

Poda ilisimama njiani. Alinitazama kwenye kioo, halafu akajitazama mwenyewe, jasho, rangi iliyoyeyuka kandokando ya macho, nywele nusu zimefunguliwa. Alikuwa mtu wa kazi. Alisoma uso ule kama mimi ninavyosoma mshono.

"Niliisema vizuri?"

"Vizuri. Walicheka, kisha wakalia."

"Kwa mpangilio huo?"

"Kwa mpangilio huo."

"Vema," alisema. Akaushusha mkono wenye poda mapajani, akaufunika na mwingine. "Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Nyumbani naogopa, mpenzi. Sijui kama nimewasha jiko au nimelizima. Nasimama katikati ya jikoni na hakuna anayenipa ishara. Hapa kila kitu kina mahali pake. Mtu anagonga mlango, ananiambia sasa, nakwenda, na maneno yananisubiri kule. Wakinitoa hapa..." Hakumaliza. Nikaona ameiacha sentensi yake njiani kama walivyokuwa wakiiacha ile ya mchezo.

Nilipaswa kukataa kumfichia siri. Shoga yangu aliniambia hivyo kwa mwezi mzima, kwa upole na kwa ukali. Badala yake niliitazama ile shali mgongoni mwa kiti, na tukaelewana juu yake. Shali ikiwa kwenye msumari, bado hatujaanza au bado tuko katikati. Shali ikiwa kwenye kiti, tumemaliza, ni kwenda nyumbani. Asingelazimika kuuliza mtu. Angetazama tu.

Mchezo ulifanya vizuri. Wakubwa walikuja, wakaandika mazuri, wakasema kile kimya kabla ya sentensi ya mwisho ni ufundi wa maisha mazima. Kila siku kimya kile kilikuwa na urefu wake. Kila siku niliingia tumboni mwa kimya hicho nikafia humo, na kila siku mama alinitoa. Wenzangu walidhani nimezoea, kumbe woga hauzoeleki, unajifunza tu kukaa kimya kama mtoto mgonjwa. Nilikonda. Nilianza kufika kazini mapema kuliko wasafishaji ili nihakikishe msumari haujalegea. Alipoingia aliutazama kabla ya kunitazama mimi, na alipotoka jukwaani alikitazama kiti.

Alasiri moja, wakati wa mapumziko ya katikati ya mchezo, nilikwenda kumchukulia maji. Niliporudi hakuwemo. Shali ilikuwa kwenye msumari, koti lake la nje halikuwepo. Mzee aliyelinda mlango wa nyuma alisema amepita sasa hivi, amemwambia kwaheri, ameonekana amefurahi.

Nje ilikuwa mvua. Nilikimbia upande mmoja, nikarudi, nikakimbia upande wa pili, na barabara ilikuwa imejaa makoti ya rangi moja na miavuli inayoficha nyuso. Sijawahi kuogopa vile, hata siku niliyoshuka ndege ya kwanza. Nilimkuta kwenye kituo cha basi, koti juu ya gauni la mjane, viatu vya ndani vya mchezo vimelowa. Bwana mmoja alikuwa anajipiga naye picha. Alimwita kwa lile jina la jirani mmbea, naye akawa anatabasamu kwa ile shingo yake. Basi lilikuwa linakata kona.

Sikutaka kumshika mkono. Bibi yangu alishikwa mkono na watu wengi siku ile, akawapiga.

"Mama," nilisema, "shali iko kwenye msumari."

Alinitazama muda mrefu, uso uko wazi na hauna mtu ndani. Kisha mtu akarudi. Aliangalia viatu vyake. Akamwambia yule bwana, "Uniwie radhi, mpenzi. Nina watoto wanaotaka kuuza nyumba yangu."

Tuliingia kwa mlango wa nyuma. Msimamizi wa jukwaa alikuwa amesimama pale koridoni. Alitazama viatu vilivyolowa, akanitazama mimi, akatazama saa yake. "Nina jozi nyingine kwenye kabati," alisema, akaenda kuileta. Hakuuliza, wala siku nyingine hakuuliza. Kuanzia siku hiyo, mzee wa mlango aliambiwa asimfungulie mtu kabla hajapiga simu juu.

Siku ya mwisho ya mchezo ilifika, jioni ya Jumamosi. Nilikuwa nikiingoja kwa hamu ili nilale usingizi, na nikiiogopa kuliko siku zote zilizotangulia, kwa sababu sikuwa nimepanga ishara ya siku ile. Msumari ulisema bado. Kiti kilisema tumemaliza kwa leo. Hatukuwa na mahali pa kuweka shali kwa ajili ya kusema basi kabisa.

Aliisema sentensi yake. Kimya kilikuwa kifupi siku hiyo, akaisema kwa haraka kidogo, kama mtu mwenye kiu kweli. Walisimama wote ukumbini. Nilimleta chumbani katikati ya kukumbatiwa, maua yakajaa hadi kwenye sinki, watu wakatoka wakatuacha. Nikamvua shali nikaiweka mgongoni mwa kiti.

Aliitazama. "Tumemaliza," alisema.

"Tumemaliza, mama."

"Kesho saa ngapi?"

Nilikuwa nimejifunza jibu lile kwenye treni wiki nzima. "Kesho hakuna. Leo ndiyo ilikuwa ya mwisho."

Alivua viatu vya mjane, akavaa vyake, akavaa koti, nikamfunga vifungo. Kisha akaichukua shali kwenye kiti, akaikunguta kama mtu anayetoa makombo, akaenda akaitundika kwenye msumari.

"Iache hapo," alisema.

Binti wa chumba cha mavazi alifika mlangoni na toroli lake kukusanya nguo. Nilimwomba aanze na vyumba vingine. Tukakaa, mimi kwenye stuli na yeye kwenye kiti, makoti mwilini, mikoba mapajani, kama watu wanaongoja basi. Kwenye spika ya ukutani viti vilikuwa vimekwisha jikunja. Zikaanza nyundo. Mafundi walikuwa jukwaani wakiibomoa ile nyumba ya ukingoni mwa bahari, ubao kwa ubao, na mmoja alikuwa anaita mwenzake amshikie ukuta.

Aliinua kidole, akasikiliza.

"Wanajenga," alisema.

Nikasema ndiyo.